Kakao ya moto msimu wa kusi: ipike kama unavyopika chai ya tangawizi

Aliyeko Ulaya akisikia mtu wa Mombasa analalamikia baridi, hucheka. Na ana haki ya kucheka, kwani hata Julai na Agosti usiku wetu huwa nyuzi 20 hivi, na mchana hufika 27 au 28. Lakini baridi ni mazoea. Sisi tuko nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na pepo za kusi zikishika kasi baada ya mvua za masika, hicho ndicho kipupwe chetu. Nyumba za mawe za Mji wa Kale, zilizojengwa kuzuia joto, sasa hushika unyevu kwenye kuta. Vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni vinaleta upepo wa bahari moja kwa moja hadi mlangoni. Wazee wanakwenda swala ya Alfajiri na sweta, watoto wanakohoa, na muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, haitwi mara mbili.

Kahawa chungu haina mpinzani barazani, na makala haya hayakuja kuipindua. Lakini ndani ya nyumba, baada ya Isha, pameingia kinywaji kingine ambacho zamani hakikuwa na nafasi kubwa kwetu: chakleti ya moto. Vijana wanaiona kwenye simu, wanaionja kwenye mikahawa ya mjini kwa bei ya chakula cha mchana, halafu wanataka ipikwe nyumbani. Mama naye anafanya lililo jepesi. Ananunua mkebe dukani, anachemsha maziwa, anakoroga vijiko vitatu vilivyojaa, na kwa sababu watoto wamezoea tamu, anaongeza sukari juu yake.

Hapo ndipo penye shida.

Nina jirani, mama wa makamo aliyepita, ambaye alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari aliacha sukari kwenye chai siku hiyo hiyo. Mwanamke wa kauli moja, mashaallah. Kipupwe kilipoingia akawa anakaa na wajukuu jioni, nao wanamletea kikombe. Kipimo chake kikawa kinapanda na yeye haelewi kwa nini, kwani haluwa hali na mahamri amepunguza. "Hii si sukari, ni chakleti na maziwa," alikuwa akisema. Mpaka mjukuu wake mmoja wa sekondari alipougeuza mkebe na kumsomea yaliyoandikwa nyuma. Neno la kwanza lilikuwa sukari.

Kanuni ya maandishi hayo ni rahisi na inafaa kila anayeshika pesa ya sokoni aijue: viungo vya chakula cha mkebe au pakiti hupangwa kwa uzito, kilicho kingi hutajwa kwanza. Ukiona sukari imetangulia na kakao inafuata, umenunua sukari yenye harufu ya kakao. Mikebe mingi inayouzwa kama chakleti ya kunywa ni hivyo, sukari ikiwa zaidi ya nusu ya unga wote. Vijiko vitatu vilivyojaa ni kama gramu 20, kwa hivyo zaidi ya gramu 10 ni sukari kabla hujagusa bakuli lako la sukari. Ongeza vijiko viwili vya nyumbani, umeongeza gramu nyingine 8 hadi 10. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Kikombe kimoja cha jioni kinaweza kumaliza sehemu kubwa ya hiyo, na bado hatujahesabu kaimati.

Dawa yake si kuwakataza watoto. Ni kununua kakao tupu, ule unga mchungu usiotiwa kitu, unaouzwa kwenye maduka makubwa na kwa wauzaji wa vifaa vya kuokea keki. Mchungu kweli kweli, ukiulamba unakunja uso. Uzuri wake ndio huo: utamu unautia wewe, kwa kijiko chako, na unajua umetia kiasi gani.

Watu wengi waliojaribu kakao tupu mara moja waliiacha kwa sababu walikoroga kijiko kwenye maziwa ya moto, ukaelea madonge juu na mchanga ukabaki chini. Kakao haiyeyuki kama sukari. Ni punje za mmea zilizosagwa, zina mafuta yake na wanga wake, na mafuta yanakataa maji. Unga wa mkebe huchanganyika upesi kwa sababu sukari imezitenganisha punje, na mara nyingi hutiwa kitu cha kusaidia mafuta na maji vikubaliane. Ukiitaka kakao tupu ikubali, lazima ufanye mambo mawili: uilainishe kwanza kwa maji kidogo ya moto, halafu uichemshe. Wanga wake ukipata moto unavimba kama uji, kinywaji kinakuwa kizito na ule ladha ya unga mbichi inaondoka.

Mwanamke yeyote wa pwani anayejua kupika uji bila madonge anaijua kazi hii tayari. Na anayejua chai ya tangawizi anajua nusu iliyobaki.

Kwa vikombe vinne vya chai, chukua kikombe kimoja na nusu cha maji na vikombe vitatu vya maziwa. Maji yatapungua yakichemka. Tia kwenye maji tangawizi iliyopondwa, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, iliki nne zilizopasuliwa na kijiti kifupi cha mdalasini. Karafuu ukipenda iwe moja tu, ina tabia ya kutaka kuwa imamu. Chemsha dakika tano hadi saba mpaka nyumba inukie.

Wakati hayo yanachemka, changanya kwenye bakuli kavu vijiko vinane vya chai vya kakao tupu vilivyojaa, vijiko vinne vya sukari, na chembe ya chumvi. Vichanganye vikiwa vikavu. Sukari inazitenganisha punje za kakao, na chumvi inapunguza uchungu kuliko kijiko kingine cha sukari ambacho ungetaka kuongeza. Chuja maji ya viungo, kisha yamimine kwenye bakuli kidogo kidogo huku unasaga kwa mgongo wa kijiko, mpaka upate uji mzito unaong'aa, usio na donge hata moja. Usikimbilie hapa. Donge linalobaki sasa litabaki mpaka kikombeni.

Rudisha uji huo sufuriani na maji ya viungo yaliyobaki, uweke juu ya moto mdogo, uchemke dakika mbili huku unakoroga hadi chini, kwani kakao hushika sufuria upesi. Ndipo utie maziwa. Yakianza kutoa mvuke na kufanya mapovu madogo pembeni, yametosha. Kama ni maziwa ya kupima ambayo hayajachemshwa, si ya pakiti, yachemshe kwanza peke yake mpaka yafure ndipo uyatumie.

Kabla ya kumimina vikombeni, chukua sufuria ya pili au jagi na umimine kutoka juu, huku na huku, mara tano au sita, kama wauza chai wanavyofanya. Povu linapanda, moto unapungua kiasi cha kunyweka, na kakao iliyotaka kukaa chini inachanganyika tena. Hata hivyo, koroga kila unapomimina kikombe, la sivyo wa kwanza atapata maziwa na wa mwisho atapata tope. Kwetu wa mwisho huwa ni mpishi, na halalamiki.

Sasa suala la tangawizi, ambalo ndilo linalowashinda vijana wanaofuata video za wageni. Wanaichuna mbichi juu ya maziwa ya moto na maziwa yanakatika, wanalaumu mwenye maziwa. Kosa si la maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, na kinafanya kazi sana maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka. Wachina wa jimbo la Guangdong wanakitumia makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi mbichi yagande kama faluda, wayale kwa kijiko. Moto wa kuchemka unakiua kimeng'enya hicho. Ndiyo maana bibi zetu walituambia tangawizi itangulie kwenye maji, maziwa yafuate. Hawakusema kimeng'enya, lakini maziwa yao hayakukatika.

Kuna anayeuliza: viungo na chakleti, vinahusiana vipi? Vinahusiana tangu mwanzo. Mkakao ni mti wa misitu ya Amerika ya Kusini, na watu wa Mexico na nchi za jirani walikuwa wakiinywa kakao karne nyingi kabla Mhispania hajafika, bila sukari kabisa, ikiwa na pilipili na maua ya kunukia, ikimiminwa kutoka juu ili itoe povu. Wahispania ndio walioipeleka Ulaya katika karne ya 16, wakaongeza sukari na mdalasini. Unga tunaoujua leo ulikuja baadaye zaidi: mwaka 1828, huko Uholanzi, nyumba ya van Houten ilipata hati ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao, likabaki gumba kavu la kusagwa. Kwa hivyo mtu wa Mombasa anayetia iliki na chembe ya pilipili manga kwenye kakao yake yuko karibu zaidi na walioianza kuliko anayeinywa tamu tupu na peremende nyeupe juu.

Na mafuta yaliyokamuliwa yakakuacha na unga mkavu, sisi tuna cha kuyarudisha. Tui. Ambaye maziwa ya ng'ombe yanamjaza tumbo, au anayetaka ladha ya kwao, atumie tui jepesi la kukamuliwa mara ya pili badala ya maziwa, na mwisho kabisa atie nusu kikombe cha kasimile. Sheria ni ile ile ya mchuzi wa samaki wa kupaka: kasimile likishaingia, moto uwe mdogo na mkono usiache kukoroga, na lisichemke kwa nguvu, la sivyo litakatika na mafuta yataelea. Kwa tui, sukari punguza, kwa kuwa nazi ina utamu wake. Mimi kwa tui napendelea iliki tupu na tangawizi niiache, ila nyumbani kwangu kura hiyo nashindwa kila mara. Mwenye kuambiwa na daktari apunguze mafuta asije akanywa kasimile kila usiku akasema gazeti limemruhusu.

Ukienda kununua utakutana na kakao za rangi mbili. Ya kahawia iliyofifia ni ya asili, ina ukali wa uchachu kidogo. Ya rangi nyeusi imetiwa dawa ya kupunguza uchachu, na utaona neno alkali kwenye maandishi; huchanganyika na maji kwa urahisi kidogo na ladha yake ni laini. Zote zinafaa. Usidanganyike tu kwamba nyeusi ndiyo yenye nguvu. Wengine wanapenda kuyeyusha chakleti ya kipande, ile nyeusi chungu, gramu 25 hivi kwa kikombe, na inatoka nzito na nzuri mno. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili, ndiyo maana Machi kipande cha duka la mtaani unakipata kimeshika karatasi, na Julai unakivunja kinalia. Soma maandishi hapo pia, kwa sababu mbili: vipande vya bei rahisi huwa na mafuta ya mimea mingine badala ya mafuta ya kakao, na vya kutoka ng'ambo vingine vimetiwa pombe ndani. Kakao tupu haina wasiwasi huo, ni mbegu iliyosagwa basi.

Bei ndiyo itakayomkatisha tamaa mtu. Mwaka 2024 tani moja ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 10,000, wakati kwa miaka mingi ilikuwa ikicheza kwenye 2,000 na 3,000. Côte d'Ivoire na Ghana, ambazo hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilipata mavuno mabaya kwa sababu ya hali ya hewa na maradhi ya mikakao. Baadhi ya watengenezaji walijibu kwa kupunguza kakao na kuongeza vitu vya bei nafuu. Huo ni ushahidi mwingine wa kusoma mgongo wa mkebe, hata ule ulioununua miaka yote, kwani jina halibadiliki lakini kilichomo kinaweza kubadilika.

Linaloniudhi mimi ni njia inayopita kakao hiyo mpaka inifikie. Majirani zetu wanailima. Wako wakulima wa Kyela, mkoani Mbeya, Tanzania, wanaoiita kokoa. Wako wa Bundibugyo, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, na ng'ambo ya mpaka wako wa Beni, mashariki ya Kongo. Wanapasua tunda, wanachachusha mbegu chini ya majani kwa siku tano hadi saba, wanazianika juani, na hapo kazi ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa inaishia. Mizigo mingi ya Uganda inayouzwa ng'ambo hupitia bandari yetu. Yaani magunia yanapita Kilindini, mwendo mfupi kutoka Marikiti, yanakwenda kukaangwa na kusagwa nchi za mbali, kisha unga unarudi kwenye mkebe wenye picha ya theluji. Kwa watu ambao babu zao walikaanga buni na kuisaga kwenye kinu barazani, kazi ya kukaanga mbegu na kuitwanga haiwezi kuwa kitu kigeni. Ukibahatika kuletewa mbegu zilizokwisha kuchachushwa na kukaushwa, zikaange kwenye chungu kwa moto wa wastani mpaka maganda yaanze kupasuka, zimenye, zipepete, kisha zitwange zingali moto. Zitageuka uji wenye mafuta yake yote. Ni kazi ya jasho, lakini jioni ya kipupwe jasho si adui.

Zimeanza kuzunguka jumbe kwenye simu kwamba kakao inashusha sukari mwilini na kufungua mishipa. Tafadhali. Mwenye dawa zake aendelee nazo. Kakao tupu inamsaidia mgonjwa wa sukari kwa sababu haikuja na sukari, basi, na hata hivyo maziwa yana sukari yake ya asili ambayo lazima aihesabu. Mwenye kiungulia ajichunge, tangawizi na kakao kwa pamoja zinaweza kumuwasha. Usingizi hauguswi sana kama kwa kahawa, kwani kafeini yake ni kidogo, lakini ipo, na mtoto mdogo anayepewa kikombe kizima saa nne usiku asilaumiwe akikesha.

Kuhusu utamu, wapunguzie watoto taratibu. Kijiko kimoja kwa kikombe, nilivyotaja hapo juu, kitaonekana kidogo kwa aliyezoea mkebe. Anza na kimoja na nusu, baada ya wiki mbili shusha. Iliki na mdalasini vinasaidia, kwani harufu ya vitu tamu huufanya ulimi uhisi utamu ambao haupo. Kwa jirani yangu, wajukuu sasa wanapika sufuria moja bila sukari kabisa, na kila mtu anajitilia kwenye kikombe chake. Yeye hatii. Anasema inamkumbusha kahawa.

Wanaofunga Jumatatu na Alhamisi na hawana nguvu ya kupika kila jioni wanaweza kufanya hivi: pika uji wa kakao na maji ya viungo mpaka hatua ya kabla ya maziwa, uache upoe, uutie kwenye chupa safi yenye kifuniko na uuweke kwenye friji. Hukaa siku tatu bila taabu. Adhana ya Maghribi ikikaribia, chota vijiko vitatu vikubwa kwa kila kikombe, tia maziwa, pasha moto huku unakoroga. Usiweke friji ile iliyokwisha kutiwa tui, hiyo inywewe usiku huo huo.